Kupiga Windo Jipya

Shomari, mtani wangu,

Mimi mzima. Barua za watu zikifika hapo huendelea kusema kwamba hofu ni kwako wewe uliye mbali, lakini mimi kwako hofu sina. La kukupata limeshakupata, na mchanga nimeutia kwa mkono wangu. Safari hii hofu ilikuwa kwangu. Kaa vizuri, kama huko mnakaa, nikueleze.

Kwanza, lile la kaburini. Najua uliona. Wenzio walikuwa wanafuta machozi, mimi nikashuka shimoni, nikajinyoosha kwenye mwanandani wako, nikasema sitoki mpaka niahidiwe sinia la haluwa, maana binamu yangu mbavu zenyewe kama uti wa samaki, nyumba kubwa yote hii ya nini. Imamu aligeuza uso. Wazee wakacheka puani. Ndiyo haki ya mtani, na wewe ungenifanyia hivyohivyo kama ningekutangulia, tena ungedai na kahawa juu. Lakini nikwambie neno ambalo sijamwambia mtu: mle chini palinitosha. Kichwa, mabega, visigino. Kama waliochimba walinipima mimi. Nilitoka kabla haluwa haijaahidiwa, wakadhani nimewahurumia.

Sasa ya hapa. Kompyuta yako imebaki palepale, chumba cha uani, na kiti chako mbele yake, kile chenye bonde la makalio yako. Hakikaliwi, hata na paka. Anayeitumia sasa ni binti yako Siti, anavuta kigoda. Akimaliza kazi huifunika kanga kutoka juu mpaka chini, ikabaki na umbo la kitu kilicholala, nami kila nikiingia najikuta nimesoma innalillahi. Siti amechaguliwa katibu wa kikundi cha mwani cha kina mama. Mnunuzi wao mpya anataka fomu zijazwe humohumo kwenye kompyuta, na fomu hazifunguki. Ukibonyeza, inakataa. Ukibembeleza, inakataa.

Siti akaita fundi kutoka Kilindoni. Mwanamke mtu mzima, miwani yake mizito kuliko yangu. Akaniamkia, akaipapasa kompyuta kama mkunga, akasema, "Mzee, hii imechoka. Inabidi tupige windo jipya."

Shomari, mimi windo ninalolijua ni lile linalokimbia mbele ya mbwa. Nikamuuliza, "Na windo hapa ni nani?" Siti alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ndivyo wanavyouita ule mfumo wa ndani, ule unaoviendesha vingine vyote. La zamani likizeeka linafutwa, linapigwa jipya. Nikacheka nami nisionekane mshamba. Lakini swali langu halikujibiwa, na nilipotazama nyuma kukiona kiti chako, nikaona nimeliuliza mahali pabaya.

Sasa sikiliza kilichofuata. Humo ndimo ilimo orodha yako, ile ya majina ya wafu wetu tunayoisoma kwenye hitima ya Shaabani. Umeiandika miaka yote kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, na zile nyongeza zako ulizotengenezewa na mkwe wako, ile che yako yenye nukta tatu kama mbuzi aliyevimba tumbo. Fundi akaitia kwenye flashi, akaifungua kwenye kompyuta yake yenye windo jipya ili tuone itakavyokuwa. Majina hayakuwemo. Kila herufi imekuwa kisanduku kitupu, mstari kwa mstari, ukurasa mzima. Fundi akasema ni kwa sababu herufi zako hazijulikani huko. Siti akasema mbona kama vigae. Mimi sikuona vigae. Yalikuwa makaburi. Yamelala safu kwa safu, hayana jina hata moja, yote yameelekea upande mmoja.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia msikitini juu ya magofu ya watu wa kale: "Kisimani walituachia kuta, hawakutuachia majina."

Siti akataka ipigwe picha, fundi akasema picha itabaki lakini msomaji je? Herufi zile pamoja na nyongeza zako, wa kuzisoma tulikuwa wawili, na mmoja ndiye ninayemwandikia. Wakakubaliana wao kwa wao: mimi nikae nisome, Siti aandike kwa herufi za shule, kisha windo la zamani lifutwe. Kazi ya mchana mmoja. Nikasema vyema, kesho.

Fundi aliondoka, Siti akaenda ufukweni kugeuza mwani. Nikabaki peke yangu, nikasema niipitie orodha nisije kujikwaa mbele ya mtoto. Nikashuka mpaka chini kabisa. Nikakuta jina lako. Hilo sikushtuka, ulijua unaumwa, na wewe ni mtu wa kujikunjia mkeka wako mwenyewe. Chini ya jina lako lilikuwepo jingine.

Kombo bin Faki.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Kombo bin Faki, na ule mkia wa herufi ya unaoupinda wewe peke yako. Hakuna mwingine wa kuliandika. Siti herufi zile hazijui.

Nilikutukana, nisamehe. Halafu nikacheka, nikasema huu ni utani, maiti amenirudishia la kaburini. Halafu nikakumbuka: la kaburini nililifanya ukiwa umeshakufa. Ulinijibu kabla sijakuchokoza.

Basi kesho haikufika. Nikasema macho yananiuma. Nikasema mgongo. Na kompyuta yenyewe nayo ikaanza. Siku moja ikaleta maandishi katikati ya kioo, Siti akanifasiria: muda wa mfumo huu umekwisha, je, uhamie mpya sasa, au ukumbushwe baadaye? Vitufe viwili. Nikamwambia bonyeza baadaye. Ikarudi siku ya pili. Baadaye. Nikawa mimi ndiye naenda kila siku baada ya adhuhuri, saa ile jua limesimama utosini, watu wamejifungia na hata kuku wamenyamaza, nabonyeza kile kitufe kwa kidole changu mwenyewe. Nikawa namdhihaki: malaika gani wewe unayebisha hodi na kutoa nafasi ya baadaye? Yule ninayemjua mimi hana kitufe hicho.

Lakini ikawa hivi, Shomari. Nikifika mlangoni, kabla sijaigusa kanga, mwanga unawaka chini yake. Nauona kwenye maua ya kitambaa. Siti anasema ni umeme unarudi. Labda. Umeme wetu unajua kurudi saa ileile kila siku, mguu wangu unapokanyaga kizingiti?

Huku mwani umekauka, magunia yamejaa ghalani, na mnunuzi ametuma salamu kwamba fomu zisipofika Ijumaa atachukua mwani wa Jibondo. Kina mama wakaanza kumtazama Siti kwa upande. Akaja kwangu, akaniamkia, hakukaa.

"Ami, unaogopa nini?"

Nikamwambia macho.

"Macho yako yanamwona mtu akiiba kete upande wa pili wa bao. Leo yanashindwa na jina la bibi yangu?"

Huyu ni mwanao kweli. Nikavaa kofia nikamfuata.

Ilikuwa mchana uleule, jua lileile. Yeye kwenye kigoda na kompyuta ndogo aliyoazima kwa mwalimu, mimi nikajikaza nikakaa kwenye kiti chako. Bonde lilikuwa na joto. Sijui nani alikuwa ametoka kukaa.

Nikaanza. Bi Mwanahawa, bibi yako. Akafuata mwalimu wetu wa chuo, yule aliyetuchapa nyayo kwa mkia wa samaki taa. Nilipolitaja jina lake unyayo uliniwasha. Kisha mke wake mdogo. Kisha mama aliyekuwa akipika vitumbua. Nikasimama. Nilikuwa nikidhani umewapanga kwa siku walizokufa, kumbe sivyo, mwalimu alikufa mwisho wa hao wote. Nikarudi juu nikasoma tena, na safari hii miguu ikaelewa. Umewapanga kwa nyumba. Umetoka mlango wa msikiti, umeshika njia ya pwani, kila nyumba umewataja wake, hata zile ambazo leo ni minazi na majani. Nilikuwa sisomi, Shomari. Nilikuwa natembea kijijini na kupita milangoni mwao.

Kwa mama wa vitumbua ndipo niliposikia ndara zinavuliwa nje ya chumba. Moja, kisha ya pili. Siti aliacha kuandika. Tukangoja hodi, haikuja. Akainuka akatazama, akarudi akakisogeza kigoda karibu yangu.

"Zipo zetu tu," akasema. "Endelea, Ami. Taratibu."

Nikaendelea. Na ndara zikaendelea. Hatukutazama tena. Tulipofika kwenye kona ya mkwaju chumba kilikuwa kimeshasongamana, unajua ile hali ya hitima, bega kwa bega, pumzi ya mtu shingoni, harufu ya mafuta ya nazi na nguo zilizokunjwa sandukuni siku nyingi. Siti jasho lilimtiririka na mikono ilikuwa ya baridi, niliigusa. Hakuna aliyesema neno mle ndani zaidi yangu. Walikuwa wanasikiliza. Kila mmoja anangoja lake, akilisikia anatulia.

Tukafika kwako. Siti akaliandika jina la baba yake herufi moja moja, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akainua macho kwenye kioo.

"Bado mstari mmoja. Huyu ni nani?"

Nikwambie ukweli, maana wewe hata nikikudanganya utajua. Nilikuwa nimeshaandaa uongo. Ningesema ni dua ya kufungia. Asingejua. Angebonyeza kile kitufe cha sasa, jina langu lingegeuka visanduku pamoja na mengine, na duniani asingekuwepo mtu wa kulisoma. Neno lilikuwa ulimini. Lakini nyuma yangu walikuwa wamenyamaza kwa namna nyingine, kama watu waliojibana wakaacha nafasi mkekani na wanatazama kama mtu atakuja kuikalia. Na njia ilikuwa bado mguuni mwangu: mkwaju, nyumba yako, na baada ya nyumba yako, ukuta kwa ukuta, ni yangu. Hukuniua. Au uliniua. Lakini ulifika mlangoni kwangu, hukupita kimya.

Nikasema, "Kombo bin Faki."

"Ami, hilo lako."

"Andika. Nyumba hairukwi."

Akaandika. Nyuma yetu ikawa kama watu wote wameshusha pumzi mara moja, na chumba kikawa kitupu, kikubwa, cha kawaida, na kuku akalia uani. Siti akabonyeza sasa.

Kioo kilikuwa cheusi mpaka alasiri. Kilipowaka kilikuwa na rangi nyingine, kama nyumba iliyopakwa chokaa na wageni. Fomu zikafunguka. Magunia yanaondoka kesho, na kina mama wanamwita Siti bosi. Orodha ya Siti inasomeka, kila jina, hata na mtoto wa shule. Ile yako niliifungua mwisho, nijue tu. Visanduku, safu kwa safu. Nikashuka mpaka mwisho. Mstari wako ulikuwa na visanduku vyako. Wangu haukuwa na kitu, mweupe tupu, na kale kamstari kanapepesa mwanzoni, kanangoja. Siti anasema ni hitilafu.

Kwaheri, Shomari. Ahadi yangu ni hii: Shaabani hii orodha nitaisoma mwenyewe, kwa sauti, kuanzia mlango wa msikiti, na jina langu silitoi. Nikilifikia nitalisoma kama mengine, kisha nitaitika naam, watu wacheke. Na mwaka unaofuata, nikijaaliwa, hivyohivyo. Siti nimemfundisha: siku atakayosoma yeye, akilitaja akasikia kimya, asisimame kuningoja. Amalizie dua. Naam yangu utaisikia wewe.

Jirani yako,
Kombo