Kutoka na Kutoa

Jumapili, 1 Septemba

Nimechaguliwa! Baada ya misa Padre ametangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na mdahalo ukumbini: je, sheria iruhusu kutoa mimba? Wakili Wamaitha ataeleza katiba inasema nini. Na kwa niaba ya akina mama atazungumza nani? Mimi! Fundi wa nguo wa Kaloleni hapa Kisumu, mwenyekiti wa jumuiya, mtu ambaye katiba hajawahi hata kuishika mkononi.

Sababu ni Kiswahili changu. Nilikulia Nakuru miaka michache, basi parokia nzima inadhani nimetoka Unguja. Sijawahi kuwasahihisha. Wengi hapa wakisimama mbele ya maiki wanarudi kwa Kijaluo baada ya sentensi mbili, na Padre anataka hata waumini wa kutoka Nyeri na Kisii waelewe.

Kwa hiyo kuanzia leo naandika humu kwa Kiswahili. Mazoezi. Mume wangu Ondiek ameuliza naandika nini. Nimesema ni hotuba. Akasema nisiongee sana, watu watakuwa na njaa. Wivu huo!

Jumanne, 3 Septemba

Nimehutubia cherehani asubuhi nzima. Inasikiliza vizuri kuliko Ondiek.

Winny amepiga simu kutoka Bondo. Mimba imeingia mwezi wa tano, mtoto ameanza kucheza tumboni, na Owiti, mume wake, hafungui duka kabla hajamshika tumbo. Mjukuu wangu wa kwanza! Nimefurahi mpaka nikaunguza maharagwe. Halafu — kwa sababu mimi ni mimi — nikamsomea binti yangu hotuba yote kwa simu. Hasa ile sehemu tamu: "Hata akiwa mtoto wangu wa kuzaa, akitoa mimba, kwangu asikanyage! Hakuna lakini, hakuna isipokuwa!"

Kimya. Nikadhani ni netiweki. Kumbe alikuwepo. Akauliza taratibu, je, kama huyo mtu ni mgonjwa? Nikamjibu kwamba Mungu ndiye daktari. Jibu hilo lilinipendeza sana. Nimeliongeza kwenye hotuba.

Jumamosi, 7 Septemba

Ardhi ipasuke nizame.

Naandika upesi kabla sijajionea huruma. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Alianza Wakili Wamaitha, mama mpole, misa ya asubuhi haimpiti hata mvua ikinyesha. Akatusomea: uhai unaanza mimba inapotungwa. Kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyesomea kazi hiyo aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Akasema yeye ni Mkatoliki na hamtetei mtu anayetoa kwa sababu tu hataki mtoto. Lakini kuna siku daktari anamtibu mama, na mtoto anapotea katika matibabu yaleyale. Hilo, akasema, hata kanisa limelifikiria kwa miaka mingi, na bado mapadre wenyewe wanabishana mpaka uko wapi. Watu walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa narekebisha kilemba.

Zamu yangu. Nilianza vizuri, jamani! Asikanyage kwangu — makofi. Mungu ndiye daktari — makofi, na vigelegele. Yakanilevya. Nikaiacha hotuba, nikaamua kutoa ushuhuda wa kweli. Kabla ya Winny nilipoteza mimba mbili. Sijawahi kulisema mbele za watu, hata Dorca, katibu wangu wa jumuiya, hajui. Nilitaka kusema zilinitoka, nililia, nikamshukuru Mungu hivyohivyo. Nikainua mkono juu, nikapaza sauti mpaka spika ikapiga mluzi:

"Mimi mwenyewe nimetoa mimba mbili, na Mungu hajaniacha!"

Nimetoa! Kwa Kijaluo nisingekosea hata nikiwa usingizini. Lakini hapana, lazima niongee kama mtu wa Unguja.

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Mimi nikadhani wameguswa! Nikaongeza, kwa machozi, kwamba nikiulizwa tena nitasema vilevile. Mstari wa tatu nikamwona Ondiek akijifunika uso kwa kofia.

Baadaye Padre alinishika bega, akaninong'oneza kwamba kitubio ni kila Jumamosi jioni na hakuna dhambi isiyosameheka. Dorca alinikumbatia akilia: "Mama Winny, si ungetuambia mapema? Tungekuombea!" Nikamweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Ondiek alisubiri tufike nyumbani, akavua viatu, akakaa. "Wewe mama, umetumaliza na hiyo Kiswahili yako." Kisha akacheka hadi akakohoa. Nami nikacheka. Halafu nikaenda jikoni nikazililia zile mbili, miaka yote hii, kwa mara ya kwanza kwa sauti.

Jumapili, 8 Septemba

Kwenye benchi letu kanisani palikuwa na nafasi ya kulala. Aliyekuja kukaa nami ni Wakili Wamaitha.

Nje akaniambia alijua nilitaka kusema zilitoka. "Mimi pia hiyo Kiswahili hunichezea, Mama Winny. Siku moja kortini nilimwambia hakimu naomba kura, kumbe nataka kula." Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Nikafikiri tumemaliza. Lakini wakili ni wakili. Akasema jana alinitazama watu waliponihama, wote, kwa sababu ya neno moja, bila hata mmoja kuuliza nilikuwa mgonjwa au mzima. Akasema ndiyo maana anaipenda ile "isipokuwa", kwa sababu inalazimisha mtu aulize kwanza.

Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya korti, na kanisani ndiyo ni ndiyo. Nimerudi nyumbani nimeshinda. Sijui nimeshinda nini.

Jumatano, 11 Septemba

Kuna klipu! Imezunguka wasapu za parokia zote, imevuka hadi Bondo. Inaanza na "kwangu asikanyage" na kuishia kwa "nimetoa mimba mbili". Katikati wamekata kila kitu cha maana. Mtu ameweka na muziki.

Nampigia Winny anicheke yaishe, hapokei. Ametuma ujumbe tu: niko sawa mama, ni malaria kidogo. Nimemjibu apimwe, anywe maji. Kisha nikarudi kwenye jambo kubwa la taifa, yaani aibu yangu. Nimerekodi ujumbe wa sauti kuwaeleza jumuiya tofauti ya kutoka na kutoa. Nimeurekodi tena. Nimeusikiliza. Nina sauti nzuri, hilo siwezi kukataa.

Ijumaa, 13 Septemba

Niko hospitali, hapa Kisumu. Naandika nikisubiri.

Owiti alimpigia Ondiek alfajiri. Si malaria. Chupa ya maji ya uzazi ilimpasukia Winny Jumanne. Jumanne! Homa ikaingia, hospitali ya kule wakamleta hapa kwa ambulensi. Ondiek amekwenda kutafuta watu wa kutoa damu.

Mimi na Owiti tuko kwenye korido moja, yeye benchi la mwisho kule, mimi huku, kwa sababu mkwe hakai karibu na mama mkwe. Mila ni mila, hata leo. Kwa hiyo mambo ya kufa na kupona tunaambiana kupitia kwa nesi. Nimemtuma nesi amuulize kwa nini hakutuambia. Nesi akaenda, akarudi, akasita. "Anasema Winny alimkataza. Alisema, mama yangu atasema nimetoa."

Nimemwomba arudie. Akarudia.

Sasa nimekaa na hayo maneno. Nilidhani klipu ile imenidhalilisha mimi. Siku zote hizi nilikuwa nahesabu nani amenicheka, na mtoto wangu alikuwa amelala Bondo na taulo katikati ya miguu, anatetemeka, akimwogopa nani? Si Mungu. Mimi.

Ijumaa, baadaye

Daktari Mburu ametoka. Kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Amekaa karibu nami, akaongea taratibu.

"Mama, maji iliisha yote. Infection imeingia kwa damu. Mtoto ni mdogo sana, hawezi kuishi nje. Lakini roho yake bado inapiga. Tukingoja isimame yenyewe, tunaweza poteza wote wawili."

Nikamuuliza sasa anataka kufanya nini. Akasema kumwekea Winny dawa ya kuleta uchungu, leo, sasa hivi.

Na unajua mimi nilisema nini? Sikuuliza damu iko kiasi gani. Sikuuliza kama ataumia. Nilimuuliza: "Daktari, hiyo itakuwa imetoka au imetolewa?"

Alinitazama. Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Mama, mimi natibu msichana wako. Sheria inaniruhusu. Shida ni yeye. Amekataa kukubali. Anasema tuulize mama yake."

Ana miaka ishirini na sita! Ana mume, ana akili, alimaliza chuo! Na anamwambia daktari, muulize mama.

Nimempigia Padre. Hapatikani, yuko visiwani kwa misa ya wavuvi. Nimempigia Wakili Wamaitha. Hakunikumbusha lolote nililosema, na hilo limeniumiza zaidi. Akasema kwa upande wa sheria daktari yuko salama na sisi tuko salama. Kwa upande wa kanisa, wako mapadre watakaosema ndiyo, unaondoa ugonjwa, humuui mtoto. Wako watakaosita kwa sababu moyo bado unapiga. "Mimi ningekubali, Mama Winny, na ningelala. Lakini huyo si mtoto yangu. Siwezi kukusemea." Nilitaka anisemee. Mimi niliyesema peke yangu mbele ya ukumbi mzima, leo natafuta mtu wa kunisemea.

Nikaingia.

Midomo imekauka. Mkono mmoja una dripu, mwingine uko juu ya tumbo. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni akivunja kikombe. Akasema:

"Mama, ukisema hapana nitaelewa."

Nitaelewa! Mtoto wangu yuko tayari kufa ili mimi nisione aibu. Nilikuwa na maneno mengi, mambo ya wakili, mambo ya mapadre, yote kwa Kiswahili kizuri. Hayakuja. Nilimwekea mkono juu ya mkono wake, pale tumboni, na hapo chini yake nikahisi kitu kidogo sana. Labda ni yeye aliyetetemeka. Sitaki kujua.

Nikamwambia kwa Kijaluo, "Yie, nyara." Kubali, binti yangu.

Alinitazama usoni, akitafuta kama ninamaanisha. Kisha akamwitikia daktari kwa kichwa. Hakunitazama tena.

Nimetoka nje nikamwona Owiti amesimama kule mwisho, kofia mkononi. Sikumtuma nesi. Nikampigia kelele kutoka huku, mila au si mila: "Amekubali!" Akakaa chini sakafuni, akalia.

Je, nimeua? Nauliza tu, humu hakuna anayesikia. Jumamosi nilikuwa na jibu, na makofi juu yake. Sasa nina mtoto mmoja anayechomwa na homa, na mwingine ambaye hatapata jina. Ninachojua ni kwamba ningeulizwa tena ningesema vilevile, na safari hii sijakosea neno.

Ijumaa, bado

Dorca amefika na akina mama wa jumuiya, wote na rozari. Ondiek amewaambia mimba "inasumbua", basi wamekuja mbio. Wameshika korido yote. Dorca amenikumbatia, amenisamehe, eti zile mbili zangu Mungu ameshazifuta. Anasema njoo tuanze, Mama Winny, wewe ndiye mwenyekiti, tumwombe Mungu hiyo mimba ikae palepale ilipo.

Sijamwambia.

Nesi ametoka wodini. Anasema dawa imeanza kufanya kazi, na Winny anauliza kama mama yake ameshaenda nyumbani. Nimesema mwambie niko hapa. Nesi akaingia, akatoka tena. "Anasema hataki kuambiwa. Anataka kukuona."

Akina mama wameanza ishara ya msalaba, Dorca ananiita kwa mkono. Nesi ameshikilia mlango. Anasema kwa kuwa dawa imeanza, viatu vya nje haviruhusiwi tena ndani, nivue niache hapa, mbele ya wote. Na mimi badala ya kusonga ninaandika, kama mjinga.

Nimevua kimoja.