Sproketi Mbili Mezani

Baba Agapiti,

Ugali upo kwenye hotipoti. Maji ya kuoga usichemshe, kuni zilizobaki ni za kesho.

Asubuhi nilipeleka pikipiki kwa fundi abadilishe cheni. Akaniuliza, "Shemeji, hizi safari za lami za Runzewe haziishi?" Anasema wewe mwenyewe ulimwomba akufungie sproketi ndogo nyuma, hilo gurudumu la meno linalovutwa na cheni, meno thelathini na sita, ya kukimbiza. Mimi uliniambia unabeba viroba vya mawe ya dhahabu machimboni Bulyanhulu. Mawe yanataka sproketi kubwa, ya kuvuta mzigo.

~~Runzewe kuna nani?~~ Mboga haina chumvi, ongeza.

Sikulia. Pikipiki nimeisukuma mpaka nyumbani, ipo uani, haina cheni. Sproketi zote mbili ziko hapa mezani, kubwa ya zamani na ndogo niliyomwambia fundi aifungue. Funga unayoitaka. Nikitoka shamba nitahesabu meno.

Mama Agapiti