Kifuniko cha Projekta

Chumba cha vifaa, nyuma ya jukwaa,
Alhamisi, saa tano asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Aliyeizima ile laptopu ni mimi. Siyo Mzee Waya. Nilikibonyeza kitufe cha kuwashia nikakishikilia kwa kidole gumba mpaka kijitaa chake kikafa, ukumbi mzima unaniangalia, halafu nikasema kosa ni la Mzee.

Shikamoo, Mjomba. Unisamehe nimetanguliza habari kabla ya salamu. Nimeshachana karatasi mbili, salamu zilijaa ukurasa wote na neno lenyewe halikutoka. Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala kidogo.

Ulipopiga juzi nilikwambia "salama tu, Mjomba" nikajifanya chaji inaisha. Chaji ilikuwa imejaa. Unanijua, kwenye simu ulimi unakuwa mzito. Kwa kalamu angalau hunioni uso.

Wewe ndiye uliyemwomba Mzee Waya anipokee hapa, kwa sababu mlikaa benchi moja miaka kumi na moja mkitengeneza redio. Nilipofika hakuniuliza cheti, na kwa kweli ningemwonyesha nini? Alinishika vidole akavigeuzageuza kama anakagua spea, akasema, "Hivi ni vya mjomba wako. Ingia."

Kazi yetu sijawahi kukueleza vizuri. Ukumbi huu watu wanaukodi kwa mikutano. Tunapanga viti, tunafunga spika, lakini kubwa zaidi ni kuunganisha laptopu ya mgeni na projekta, ili kile kilichoko kwenye kioo chake kidogo kionekane ukutani watu wote wakione. Ukitazama mbali ni kuchomeka waya tu. Kumbe kila laptopu ina tabia zake.

Maandishi ya kwenye laptopu siyajui, ni ya lugha ya watu. Mzee akanifundisha bila maandishi. Kwanza kifuniko, kile cha plastiki kinachofunika jicho la projekta lisiingie vumbi. Unakitoa, unakitia mfuko wa shati. "Kifuniko kikiwa mfukoni, kazi imeanza," anasema. "Kisipokuwa mfukoni, mikono nyuma." Halafu waya. Laptopu mpya zinatumia ule wenye kichwa bapa, za zamani ule wa kichwa cha buluu wenye skrubu mbili pembeni, huo usiusukume kwa nguvu, unakunja meno. Mwisho unashika kitufe chenye alama ya dirisha, unabonyeza na herufi P, zinatokea picha nne. "Ya pili, mpwa. Siku zote ya pili." Hiyo inaonyesha kitu kilekile kwenye laptopu na ukutani. Ya nne unaikimbia, inapeleka kila kitu ukutani na kuiacha laptopu nyeusi tii.

Mimi si mtu wa maneno, ni mtu wa kutazama. Nikaanza kuona kwamba Mzee haangalii matundu ya laptopu, anayapapasa. Akitaka waya wa buluu ananiambia mimi nimpe. Siku moja nilikuwa juu ya ngazi nafunga spika, yeye kaishika chini, akasema ghafla tu, "Jicho la kushoto limeshaaga. La kulia linafunga mizigo."

Nilicheka kwanza. Kisha nikaona hacheki.

"Usimwambie mtu," akasema. "Meneja akijua, nimekwisha. Nipe mpaka mwisho wa mwaka nikumalizie kukufundisha, nitatoka mwenyewe kwa miguu yangu."

"Sisemi, Mzee."

Ndivyo nilivyomjibu, Mjomba. Kwa mdomo huuhuu.

Sasa Jumatatu alikuwa na miadi kwa daktari wa macho, asubuhi hiyohiyo ambayo kulikuwa na mkutano. Alikuja mhandisi mmoja, dada mdogo tu kwa umri, kuwaonyesha wanakamati ramani ya daraja la waenda kwa miguu. Mzee aliniuliza, "Nikirudi saa nne, utaweza peke yako?" Nikasema nitaweza. Moyoni nilikuwa nimevimba. Mara ya kwanza peke yangu! Nikavaa ile fulana nyeusi ya kola niliyoiazima kwa jirani, nionekane fundi wa maana.

Fulana haina mfuko.

Hapo ndipo yote yalipoanzia, lakini nilikuja kujua baadaye. Mkono ulitaka kukumbuka kifuniko, haukupata pa kukitia, ukapita. Nikachomeka waya. Nikabonyeza dirisha na P, nikabonyeza tena na tena, nadhani picha ikateremka mpaka ya nne. Laptopu ikawa nyeusi. Ukutani nako giza. Nikajua nimeiua laptopu ya watu.

Kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga ukizunguka ukingo wa kifuniko. Niliuona, Mjomba. Mimi ninayejidai kutazama niliuona kwa macho yangu na sikuuelewa. Ramani ya yule dada ilikuwepo muda wote, imefungiwa nyuma ya plastiki.

Mhandisi alikuwa mlangoni anapokea wageni. Nyuma yangu watu wakaanza.

"Kijana, tufumbe macho au hivi inatosha?"

"Acheni wivu, daraja si ndilo hilo, ni la usiku!"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Chomoa uchomeke." Mwingine, "We zima, uwashe. Hata ya kwangu huwa hivyo." Unajua watu wakiwa wamekaa kila mmoja ni fundi. Jasho likanishuka mgongoni, masikio yakawaka moto, nikatia kidole gumba kwenye kile kitufe.

"Usizime!" Mhandisi alikuwa anakimbia kutoka mlangoni. "Kaka, usizime, bado sijahifadhi!"

Kijitaa kikafa.

Nilipoiwasha tena, laptopu haikufunguka. Ikaleta duara la vidoti vinavyozunguka na namba, asilimia tatu. Yule dada akashika kichwa, akasema ndiyo imeamua kujisasisha sasa hivi. Ikakaa kwenye asilimia tatu kama imepewa kiti. Dakika kumi, tatu. Dakika ishirini, saba. Mwenyekiti wa kamati akaangalia saa, akasema wana safari nyingine, watarudi Alhamisi saa nane mchana, na hiyo itakuwa mara ya mwisho.

Wakati wanainuka, mama mmoja wa safu ya mbele akaisogelea projekta, akakitoa kile kifuniko kwa vidole viwili. Ukuta ukawaka mweupe.

"Na hiki je, mwanangu?"

Kicheko chake bado kinanilia masikioni, ingawa hakukuwa na ubaya ndani yake. Mhandisi hakucheka. Alikuwa na karatasi yake ya hotuba mkononi, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

Meneja akaja. Ni mama asiyepandisha sauti, hiyo ndiyo inatisha zaidi. Akauliza nani alifunga mashine na kifuniko kikiwa juu.

Mjomba, nilikuwa na nafasi ya kusema "mimi." Ni neno dogo. Nikasema, "Mzee ndiye aliyefunga kila kitu asubuhi kabla hajatoka. Mimi nilijaribu kuokoa tu." Na kama hiyo haikutosha, kama vile kuna mtu aliniuliza, nikaongeza, "Siku hizi haoni vizuri."

Nilitamani kuyarudisha maneno mdomoni. Lakini Meneja alikuwa ameshageuka anaenda.

Mzee alirudi saa nne kasoro, ana pamba kwenye jicho moja. Meneja akamuuliza mbele yangu. Mimi nilikuwa nakunja waya ambao nilikuwa nimeshaukunja. Mzee akageuza uso upande wangu, sijui aliona nini, labda kivuli tu.

"Ni kweli, Meneja," akasema. "Nilikisahau."

Tulipobaki wawili chumbani humu nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alinyoosha mkono akanigusa kifuani, upande wa kushoto, akapapasa ile fulana.

"Haina mfuko?"

"Haina, Mzee."

"Aha."

Basi. Akaenda kufuta vumbi kwenye spika. Tangu siku hiyo ananisalimia vilevile, ananiachia nusu ya mkate wake vilevile, na jana alinifundisha kubadilisha taa ya projekta kama hakuna kilichotokea. Uso nauweka wapi, Mjomba? Chakula kinaingia mdomoni hakina ladha.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Jana jioni Meneja aliniita ofisini. Barua ya kumsimamisha Mzee kazi iko tayari, atampa leo saa sita, kabla kamati haijarudi. Akasema mimi ndiye nitakayeunganisha laptopu ya mhandisi saa nane, na akanipa ufunguo wa chumba cha vifaa. Ufunguo wa Mzee! Ule wenye kamba ya kiatu, umekaa shingoni mwake miaka yote hiyo, sijui Meneja aliuombaje. Nikaupokea. Nikasema "asante."

Usiku kucha nimepanga maneno. Uongo naweza kuufuta, nitasema ni mimi, kifuniko ni mimi, kitufe ni mimi. Lakini la macho si uongo. Nitalifutaje? Hilo nimelitoa kwenye mdomo wa mtu aliyeniamini na haliwezi kurudi.

Nilichonacho ni hiki tu. Tangu nifike hapa nimeona Mzee akifunga vifaa vya mikutano zaidi ya mia, kwa kupapasa, na hakuna hata mmoja ulioharibika. Ulioharibika ni wa mwenye macho mawili mazima. Nitamwambia Meneja hivyo. Nitamwomba amwache amalize mwaka kama alivyotaka, mimi nifunge, yeye asimame nyuma yangu aniambie. Akikataa, anitoe mimi. Na yule dada mhandisi nitamwambia pia, ajue nani aliyempotezea siku, hata akiniambia nisiguse laptopu yake tena.

Nikitolewa nitarudi huko, Mjomba, na utakuwa na haki ya kutonifungulia mlango. Nakuomba kitu kimoja, usimpigie Mzee kumwomba radhi kwa niaba yangu. Hiyo niachie. Ukitaka kukasirika kasirika na mimi, usiogope kunikomesha, nimezoea wewe kunionea huruma na pengine ndiyo imenilegeza.

Msalimie sana Mama wa hapo nyumbani, mwambie viatu alivyonitumia vinanitosha. Bibi mpe shikamoo yangu, lakini barua hii usimsomee, msomee ile ya mwezi uliopita tena, hatajua. Kaka Mrefu na mdogo wangu Kidoti wape salamu, na Kidoti umwambie asiache shule, asije akajifunza kwa picha kama mimi. Mungu akupe nguvu ya goti na akuweke mpaka nikuone nikiwa na uso wa kukutazama.

Ningeandika zaidi, lakini namsikia Mzee kwenye korido. Anapita taratibu, mkono unaburuza ukutani, anahesabu milango. Ameitwa. Ofisi ya Meneja ni mlango wa tano na yeye yuko kama wa pili, kwa hiyo lazima niondoke sasa hivi nipite nyuma ya jukwaa, niingie kabla yake. Ufunguo ninao mkononi, narudisha. Leo nimevaa lile shati la zamani, Mjomba, na kifuniko kiko mfukoni.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Kimya