Kwao ni kwa Mama Yake

Shikamoo Baba,

Nimekuamkia kwanza, maana ulikuwa mkali kwa mtoto anayeanza na shida zake kabla ya salamu.

Vita vimekwisha. Mgambo wenzako wa Bugarama wamerudi, na kila ninayekutana naye anakutaja. Wewe ulirudi mapema na ule ugonjwa wa kifua, ukatuacha mibuni ikichanua. Mimi niko kidato cha tatu. Sabuni ni ya kupanga foleni, sukari tumeisahau, lakini nasoma.

Nasoma kwa fadhila yako. Unalikumbuka lile swali la karani? Wewe na Mama mlikuwa mmeshaachana, wewe Ngara, sisi Biharamulo kwenye kijiji cha ujamaa. Nilipofaulu darasa la saba, karani wa elimu akaniuliza, "Kwenu wapi?" Mtoto aliyelelewa hujibu kwa baba yake. Nikasema, "Kwetu Bugarama, Ngara." Kumbe mwenzangu alitaka kujua ninapoishi! Nafasi za sekondari ziligawiwa kiwilaya. Biharamulo wakanifuta, eti mimi si wao. Ngara wakasema hawanijui, sikusoma kwao. Mama alilia kutwa, na huku analia ananigombeza.

Ukaja. Ulipanda lori la kahawa, palipobaki ukatembea, ukafika na vumbi mpaka kwenye kope. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwepo, na wazazi wamejaa barazani kwa afisa elimu. Afisa akakuuliza mtoto huyu ni wa wapi. Ukavua kofia.

"Huyu kwao ni hapa, kwa mama yake," ukasema. "Mimi ni baba tu."

Watu walicheka, Baba. Mwanamume mzima, anamtoa mtoto wake mbele za watu! Nilitamani kumrukia mtu. Wewe ukangoja mpaka jina langu likaandikwa, ndipo ukaomba maji ya kunywa.

Sasa nikueleze ya msibani kwako. Mama alinisindikiza, akaketi nyuma na majirani, maana nafasi ya mjane haikuwa yake tena. Kaburini, Baba Mkubwa aliwaita watoto wako mmoja mmoja watie udongo. Mimi sikuitwa. Nilipouliza, akanijibu taratibu tu, wala hakugomba: "Baba yako mwenyewe alisema kwenu ni kwa mama yako. Si tulisikia?" Kumbe maneno yako yalikuwa yamesafiri mpaka Bugarama. Yaliniuma, sikufichi. Hata wewe nilikukasirikia kidogo, pale pale ukiwa ndani ya shimo.

Halafu nikainama, nikachota udongo kwa mikono miwili, nikautia. Hakuna aliyenizuia. Baba Mkubwa akatazama pembeni, na Mama Mdogo, mke wako, akasogea kunipisha.

Shamba wagawane wenyewe, silitaki. Ila wasithubutu kuniambia ulinikana. Wao walisimuliwa tu. Mimi nilikuwepo, niliona mikono yako ilivyokuwa ikiikunja na kuikunjua ile kofia.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu, ingawa hakuniambia nikuandikie hivyo. Likizo ikifika nitakuja kupalilia kaburi lako, na nikiingia pale uani sitapiga hodi.

Mwanao,
Leokadia