Makopo Yangu kwenye Rafu ya Chini

Nyumbani, nyuma ya chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Habari za huko? Goti lako linakuruhusu kupanda ngazi siku hizi? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu hauna dawa hospitalini. Nina wivu, dada. Nakuambia wewe kwa sababu umenijua tangu tulipokuwa tukigombania mto mmoja wa kulalia.

Ninayemwonea wivu ni wifi yetu, mke wa mdogo wetu wa mwisho. Hapa mtaani kuna stoo ya chakula. Wenye nacho wanapeleka, na wenye shida wanakuja Jumamosi kuchagua wanachotaka bila kuulizwa maswali. Msimamizi tunamwita Mama Funguo, na sasa anahamia kwa binti yake, kwa hiyo lazima amwachie mtu stoo hiyo. Nilizitaka funguo zile kwa kufa na kupona. Nilitaka mtu wa mtaa huu akikwama, mlango wa kwanza kuufikiria uwe wangu.

Basi nikajipanga. Nilinunua makopo makubwa ya nyama, yale yenye picha za kung'aa, samaki wa kopo, na maharage makavu gunia zima. Nikakodi mkokoteni, na mwenye mkokoteni nikamwambia apite katikati ya mtaa polepole. Kile kitambaa ulichonitumia nacho nilikifunga kichwani siku hiyo.

Wifi akaja na kikapu tu. Chumvi, viberiti, mafuta ya kupikia kwenye vichupa vidogo, sabuni ya kufulia, pedi za wasichana, unga wa uji wa watoto. Nilicheka kimoyomoyo, nikasema huyu amefagia kabati la jikoni kwake.

Mlango ulipofunguliwa, kikapu chake kilikwisha hata sijamaliza kupanga makopo yangu ili maandishi yatazame mbele. Bibi mmoja alishika kopo, akaligeuzageuza, akalirudisha.

"Nitalifungua na nini, mwanangu? Kisu changu hata kitunguu kinakishinda."

Muosha magari mmoja naye akayatazama maharage yangu. "Haya mpaka yaive, mafuta ya taa yameshaniishia."

Wakati wa kufunga, mali yangu yote ilishushwa rafu ya chini kabisa, wanayoiita rafu ya yatima. Mama Funguo akanipapasa bega kama vile nimefiwa.

Jumamosi iliyofuata nikaiga, nikapeleka chumvi. Nikamkuta wifi ameleta nini? Vifungulio vya makopo! Nyama yangu yote ikaondoka asubuhi ileile, na shukrani zikamwendea yeye. Funguo pia akakabidhiwa yeye, mbele ya watu, na mimi nikapiga makofi. Roho iliniuma.

Sikuweza kuvumilia. Nikamfuata nje, nikamuuliza kwa sauti ambayo wewe usingeipenda, "Nani anakunong'oneza watu wanataka nini?"

Alikuwa anakunja mfuko wake. "Hakuna, wifi. Mdogo wako alipoachishwa kazi, mimi nilikuwa napanga foleni hapa. Hukumbuki ulinikuta natoka na mfuko? Siku ile nilipata kopo la nyama. Tulilifungua kwa bisibisi, akajikata kidole."

Nakumbuka vizuri, dada. Nilidhani alikuwa ametoka kupeleka vitu, nikamwonea gere, na ndiyo maana na mimi nikaanza kupeleka. Kidole chenyewe nilikifunga mimi kwa kipande cha kitambaa cha hapa kwenye cherehani. Mdogo wetu aliniambia alikuwa anatengeneza mlango.

Nikamuuliza mbona hawakuja kwangu. Hakunikwepa.

"Ungetupa, wifi. Tena ungetupa vingi. Lakini mtaa mzima ungejua."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Hasira imepoa, lakini wivu upo palepale, umebadilisha mtu tu. Sasa nawaonea wivu watu nisiowajua hata sura, waliowalisha watoto wa mdogo wetu wakati mimi naishi mtaa huohuo na sufuria yangu imejaa.

Nisalimie shemeji, watoto, na shangazi yetu mkimpigia simu. Mwenyezi Mungu awape afya na riziki, na goti hilo alilainishe.

Ukiandika, nijibu jambo moja kabla ya mengine yote. Wakati ule wa njaa, wewe walikuambia? Kama walikuambia, usinifiche. Nitakununia, halafu yatakwisha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa wivu wangu wote,
Fundi Cherehani