Shemeji Asijue Breki Zimeisha

Mzee wetu wa ushauri, nisaidie kabla sijaadhirika. Nina gari refu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ni kuukuu kidogo lakini likioshwa watu husalimia, nililinunua ingawa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi mwenye gereji ya magari ya zamani, alichungulia uvunguni akasema mbele ya ukoo mzima, "Shemeji, hili limeungwaungwa, mbele lina miguu ya gari jingine, ekseli na breki zake, ukija kutafuta breki utalia," nami nikamjibu kwamba wivu unamwasha, basi sasa breki zinasaga, ukikanyaga zinalia kama fisi aliyebanwa na mlango, na pedi za breki nimenunua katika maduka matatu, kila mara naonyesha kadi ya gari, muuzaji anasoma mwaka, ananipa boksi, na kila mara haziingii, za kwanza nene, za pili pana, za tatu fundi wa mtaani alizicheka, na mke wangu sijamwambia maana atamwambia kaka yake, nimemwambia mlio ule ni vumbi tu, naye kaamini, kila asubuhi anashuka nalo mteremko wa sokoni kuwapeleka watoto shule, mimi siku hizi nakwenda kazini kwa miguu, daktari alisema mazoezi ni mazuri. Je, nitapataje pedi bila shemeji kujua?

Mimi, Mwenye Gari

Mwenye Gari,

Mara ya kwanza kuisoma barua yako nilicheka hadi meno ya bandia yakatumbukia kwenye chai. Mara ya pili nilipofika kwenye hayo mazoezi, chai nikaiweka kando.

Daktari gani huyo, wewe? Mbona hakumwandikia na mkeo atembee? Miguu yako imeshajua breki hazipo, mdomo ndio unajifanya haujasikia. Umeshuka garini peke yako, watoto umewaacha ndani.

Mimi shule niliiacha mapema, na mwalimu akashukuru, lakini hili nalijua: kadi inajua gari lilivyozaliwa, haijui lilivyopasuliwa likaungwa. Mtafuta spea ya gari kuukuu huibeba ile iliyochakaa, akaiweka kaunta, ikalinganishwa na mpya. Maduka matatu, bwana, na mkononi karatasi!

Sasa sikia. Ukimaliza kusoma hapa, toa funguo kwenye mkoba wa mkeo, na umwambie kwa nini. Ukitaja vumbi tena, ulile. Kesho watoto waende shule kwa miguu, mazoezi si mazuri? Mabegi ubebe wewe. Kisha mwite fundi wako anayecheka aje afungue gurudumu nyumbani, achomoe pedi, nawe uifunge kwenye kitambaa uende nayo kwa shemeji, maana ndiye pekee aliyeiona ile miguu ya gari akaijua. Atakucheka, tena ataita majirani wamsaidie kucheka. Vumilia. "Shemeji, ulisema kweli" ni maneno matatu, hayajawahi kuua mtu. Mficha uchi hazai, walisema. Wewe umezaa, kisha ukauficha nyuma ya watoto.

Pedi zikishafungwa, wa kwanza kushuka ule mteremko ni wewe, shemeji kando yako.

Na mkeo atakuuliza ulijua tangu lini. Usimzungushe. Mjibu: tangu siku nilipoanza kutembea.