Helmeti Iliyompa Mama Sifuri

Alhamisi, Kimulot. Mvua ya mawe imetupiga kuanzia saa nane hadi saa tisa unusu, na majani ya chai yaliyokuwa tayari kuchumwa yamechanika vibaya. Nimekaa jikoni karibu na moto, soksi mbili mbili miguuni, na hasira bado haijanitoka. Nilikuwa nimepanga kuandika jambo la kuchekesha leo. Limenigeukia, kwa hivyo nyinyi wachache mnaonisoma mtanivumilia.

Nianze na dharau, maana hiyo ninayo ya kutosha.

Kuna hospitali moja huku kwetu, sitaitaja, iliyoletewa mradi wa kuwasaidia watu waliopigwa na kiharusi kwa kutumia uhalisia pepe. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango la mlangoni. Mgonjwa anavalishwa dude jeusi usoni, dude linamwonyesha mahali ambapo hayupo, na mkono uliolala unatarajiwa uamke. Mama yangu analiita helmeti, na sijaona sababu ya kumrekebisha.

Siku ya uzinduzi nilikuwepo. Waheshimiwa walilivaa mmoja baada ya mwingine, midomo wazi, mikono ikipapasa hewa, huku wakipigwa picha. Hotuba zilikwenda hadi saa saba, na wagonjwa wenyewe walikuwa kwenye benchi bila hata kikombe cha chai, katika nchi ya chai. Mheshimiwa mmoja alituahidi kwamba karibuni hata watoto wa shule watatembea ndani ya moyo wa binadamu bila kutoka darasani. Tukapiga makofi. Shule iliyo karibu na duka langu la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, ina hadubini moja tu, na mwalimu mkuu ameifungia ofisini wanafunzi wasije wakaivunja.

Mama alipigwa na kiharusi mwaka jana, akiwa shambani na kikapu mgongoni. Mguu umerudi. Ulimi umerudi, na ukali wake wote umerudi nao. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Unafika usawa wa kifua na kusimama hapo, kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba.

Kwa hivyo kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga kitambaa cha kichwa. Mama ni mwanamke wa kanisa, sijawahi kumwona akitoka nje kichwa wazi, na sasa inambidi ainamishe kichwa mbele ya mtoto aliyemzaa. Hatujawahi kulizungumzia. Ninafunga haraka, naye anageukia dirishani hadi nimalize.

Leo ilikuwa siku yake ya sita na ya mwisho ya majaribio. Daktari wa viungo, Bwana Ouma, alikuwa ametuambia wazi: mgonjwa anayepata alama anaendelea na mazoezi mara mbili kwa wiki, na asiyepata anatolewa ili nafasi apewe mwingine. Ouma ni mtu mzuri, na alipokuwa akisema hayo alikuwa akiangalia viatu vyake. Mama alisikia. Asubuhi alichagua kitambaa cha buluu, kile cha Jumapili.

Siku zilizotangulia walimfanyisha mambo ya kufuta dirisha na kusukuma mipira. Leo walileta shamba la matufaha. Matufaha, huku kwetu Bomet! Mtu aliyetengeneza hiyo picha hajui hata sisi tuko upande gani wa dunia. Dada wa mradi, aliyetumwa kutoka Nairobi na tisheti ya kijani, alimweleza Mama haraka haraka kwamba achume tunda, aliweke kwenye kikapu, basi. Kisha akainamia tableti yake, ambako huonekana kikapu na alama tu, na hakuinua macho tena. Ouma alikuwa nyuma ya pazia na mgonjwa mwingine.

Mimi nilitoa simu nikaanza kurekodi. Niwe mkweli, sikuwa namrekodi Mama. Nilikuwa nairekodi tableti, kwa sababu ilionyesha sifuri, na niliitaka ile sifuri niwaletee hapa tuicheke pamoja. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari.

Dakika zikaenda. Sauti ya mwanamke ndani ya mashine ilikuwa ikimwambia Mama kwa Kiingereza ajaribu tena. Sifuri. Ajaribu tena. Sifuri. Mama anajua Kipsigis, na Kiswahili cha sokoni. Mwishowe akachoka na hiyo sauti, akasema kwa nguvu:

"Kikapu imejaa. Iko hapa nyuma, imejaa."

Dada wa mradi alinitazama kwa huruma. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mama huwa anasahausahau nyumbani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwamba mara nyingine huniita kwa jina la dada yangu. Akaliandika hilo. Kwenye fomu akajaza kwamba mgonjwa haelewi maagizo, akatushukuru kwa ushirikiano, akamwita anayefuata.

Nani aliye na mama ambaye hajawahi kumwita kwa jina la dada yake?

Tulifika nyumbani mvua ikianza. Mama akaenda kulala. Nikaketi hapa jikoni, mawe yakipiga mabati, nikafungua video ili nichague kipande cha kuwawekea. Tableti hiyo, sifuri hiyo, kidole cha dada wa Nairobi hicho. Na pembeni kabisa, nusu nje ya picha, yuko Mama na helmeti yake.

Mkono wake wa kulia unanyoosha vidole, unachuma. Halafu unapanda. Unapita kifua. Unapita kidevu. Unapita bega, na vidole vinafunguka nyuma ya sikio.

Nikarudisha mwanzo. Ukapanda tena.

Alikuwa akitupa kikapuni. Kikapu cha ile picha kilikuwa mbele, karibu na magoti, na hakuna aliyemwonyesha, naye hakuwa na haja ya kukitafuta. Kwa zaidi ya miaka thelathini mama huyu amechuma bila kuangalia nyuma, konzi moja baada ya nyingine juu ya bega, kwa sababu kikapu cha mchumaji kiko mgongoni. Alijaza tufaha baada ya tufaha. Akatuambia kimejaa. Tukaandika kwamba kichwa chake hakiko sawa.

Dada wa Nairobi ninaweza kumdharau kwa raha zangu, hajui chai inavyochumwa. Mimi je? Mimi nililala ndani ya hicho kikapu nikiwa mtoto mchanga. Karo yangu ilitoka humo. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa mkono ambao tumeuombea kanisani mwaka mzima, ukapanda mbele yangu, nami nilikuwa nashughulika kutafuta kicheko.

Kuna jambo jingine, na linaniuma kuliandika. Ile helmeti ilifanya kazi. Mama alipoamka nilimuuliza alikuwa akiona nini humo ndani, akasema aliona mikono miwili, yote mizima, ya mwanamke kijana. Hakuuona mkono wake mgonjwa, basi akasahau kwamba haupandi. Mashine ikamfanyia jambo ambalo sisi wote tulishindwa, halafu mashine hiyo hiyo isilione. Sijui niidharau kwa lipi kwanza.

Nilimwonyesha video. Aliitazama, akaomba arudishiwe, akaitazama tena. Nilidhani atalia. Akanirudishia simu.

"Si niliwaambia imejaa," akasema, akaendelea kunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Video nilimtumia Ouma. Alinipigia baada ya muda mfupi, sauti yake ikiwa ya mtu aliyesimama koridoni. Fomu ilikuwa imekwenda na gari la Nairobi saa nane. Nafasi ya Mama ina mtu tayari, bwana mmoja kutoka Chepseon, na hawezi kumtoa. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Alisubiri nimalize.

"Jumanne mje tu, muulizie mimi," akasema. "Mama akuje na kikapu yake, ile ya shamba. Tutamfunika macho na leso. Hiyo helmeti wacha wakae nayo."

Hilo ndilo jibu la sayansi kwa mwaka huu, ndugu zangu. Leso.

Nimekitoa kikapu darini. Kina vumbi, na kamba moja imeliwa na panya, nitaibadilisha kesho dukani nikipata nafasi. Mama ameniona nikikifuta, akasogeza kiti chake karibu.

Jumanne iko mbali. Kuna kesho kwanza, na kesho ina asubuhi, na asubuhi ina kitambaa. Nimefikiri sana kuhusu huo mkono, na kuhusu haraka yangu ya kufunga kila siku ili jambo liishe. Sijui kama utapanda bila matufaha. Huenda usipande. Hata hivyo, duka litangoja, hata kama ni hadi saa sita mchana.

Kesho nitamwekea kitambaa magotini, kisha nitageukia dirishani mimi, hadi amalize.